Ufunguo wa gari wenye chipu: tengeneza wa pili kabla wa kwanza haujapotea

Magari mengi tunayoendesha Uganda yalitumika Japani kwanza. Yalishushwa Mombasa au Dar es Salaam, yakaletwa kwa barabara hadi Malaba, Busia au Mutukula, kisha yakakaa bondi (yadi za kuuzia magari) Kampala yakingoja mnunuzi. Safari yote hiyo ufunguo unapita mikononi mwa watu wengi, na mara nyingi anayelipa pesa yake anakabidhiwa ufunguo mmoja tu, anashukuru, anaondoka. Ukiwa na ufunguo mmoja unaofanya kazi, kutengeneza wa pili ni shughuli fupi. Ukishapotea, unakodi gari la kukokota, unafunguliwa dashibodi, na unalipa mara kadhaa ya ile bei uliyoiona kubwa mwanzoni. Naandika hasa kwa mwenye ufunguo mmoja mzima leo. Aliyekwisha kupoteza nimemwekea sehemu yake huko mbele.

Kinachozuia gari kuwaka

Ufunguo wa kuzungusha una kazi mbili. Chuma chake kinafungua swichi. Kichwa chake cha plastiki kimebeba chipu, na chipu ndiyo inayoliambia gari kwamba huyu anaruhusiwa. Mfumo huo ndio imobilaiza.

Kuzunguka tundu la swichi, chini ya kava la usukani, kuna pete ya plastiki yenye koili ya waya ndani. Ukizungusha ufunguo, koili inatoa mawimbi hafifu, kwa kawaida ya kilohezi 125, na kwa Toyota nyingi kilohezi 134. Chipu haina betri. Inapata umeme wake kutoka kwenye mawimbi hayohayo, inaamka, inajibu. Chipu za zamani zinataja namba moja isiyobadilika. Zilizofuata zinapewa swali na gari, zinalikokotoa kwa kutumia siri iliyomo ndani yake, zinarudisha jibu. Jibu likilingana, kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari, inaruhusu injini kufanya kazi. Lisipolingana, mambo hutegemea gari: kuna magari ambayo starta inazungusha injini lakini haishiki, kuna yanayoshika sekunde moja au mbili kisha yanazima, na kuna ambayo starta yenyewe haigusi kabisa.

Watu wengi huchanganya chipu na rimoti. Betri ndogo iliyo ndani ya ufunguo wa kuzungusha ni ya vitufe vya kufunga na kufungua milango. Ikifa, utafungua mlango kwa chuma na gari litawaka kama kawaida. Vivyo hivyo, ufunguo uliochongwa vizuri lakini hauna chipu utafungua mlango, utazunguka kwenye swichi, taa za dashibodi zitawaka zote, halafu injini itakataa. Usimlaumu mchongaji kabla hujauliza kama ulimwomba chipu.

Hatua ya kwanza: hakikisha kama gari lako lina imobilaiza

Usidhani kila gari linayo. Nchi za Umoja wa Ulaya, wakati huo Uingereza ikiwemo, zililazimisha imobilaiza kwa magari mapya ya abiria kuanzia 1998, na Australia ikafuata 2001. Japani haikuweka sharti kama hilo, kwa hiyo magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yalitoka kiwandani bila chipu. Corolla za zamani tunazoziita Kikumi hazina. Magari mawili yanayofanana kwa jina na mwaka yanaweza kutofautiana, moja likiwa na chipu na jingine likiwa halina, kwa sababu ya toleo tu.

Tazama dashibodi. Gari lenye imobilaiza kwa kawaida lina taa ndogo nyekundu, mara nyingi yenye mchoro wa gari na ufunguo, inayowakawaka gari likiwa limezimwa na kuzimika ufunguo unapotambuliwa. Ukiweka ufunguo kisha taa ikaendelea kupepesa, gari limeukataa. Njia nyingine ni kufunga kichwa cha ufunguo kwa karatasi ya alumini ya jikoni, tabaka kadhaa, kisha kujaribu kuwasha. Injini ikikataa na ikakubali ulipoitoa karatasi, chipu ipo na inafanya kazi. Ikiwaka hata na karatasi, bado si ushahidi kamili. Hapo mwache fundi aupitishe ufunguo kwenye mashine yake ya kusomea, ni kazi ya sekunde chache.

Gari likithibitika halina chipu, kazi yako ni rahisi: mchongaji wa funguo mwenye mashine nzuri anatosha. Usikubali kuuziwa chipu ambayo gari haliwezi hata kuisoma.

Hatua ya pili: kusanya vitu kabla ya kutoka nyumbani

Chukua funguo zote ulizonazo, hata ule uliopasuka na ule usiojua unafungua nini. Nissan na Honda nyingi, fundi anaposajili ufunguo mpya, kumbukumbu ya zamani inafutika na kila ufunguo unatakiwa kusajiliwa tena palepale. Ule uliouacha nyumbani Mbarara wakati gari liko Kampala utageuka chuma kitupu.

Beba logbuku na kitambulisho cha taifa. Kama gari bado halijahamishiwa jina lako, beba makubaliano ya mauzo. Na utafute kile kibati kidogo chenye namba kinachokuja na funguo za kiwandani. Hiyo ndiyo namba ya mchongo. Ufunguo uliotumika miaka kumi na tano umelika meno, na ukinakiliwa kama ulivyo, mpya utazaliwa na uchakavu wa mzee wake. Fundi mwenye namba anaweza kuuchonga kwa vipimo vya kiwandani. Kibati kikiwa kimepotea, mwombe anyooshe vipimo kwa mashine badala ya kufuata meno yaliyolika.

Angalia pia shingo ya chuma. Kwenye baadhi ya funguo za Toyota kuna alama iliyogongwa: nukta kwa chipu ya 4D, herufi G kwa chipu ya G, herufi H kwa chipu ya H iliyo mpya zaidi. Funguo za Toyota za mwisho wa miaka ya 1990 nyingi zilikuwa na chipu ya 4C, na hazina alama. Kukosekana kwa alama hakuna maana kwamba chipu haipo.

Ukiwa na seti ya zamani ya Toyota yenye funguo za rangi mbili, tenga ule mweusi. Mweusi ndio mkuu, ndio wenye mamlaka ya kusajili wengine. Wa kijivu ni wa kumwachia mtu wa maegesho; unawasha gari lakini hauwezi kusajili ufunguo mpya.

Hatua ya tatu: chagua kati ya kunakili na kusajili

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa kutojua, kwa hiyo tutulie kidogo.

Kunakili ni kusoma chipu yako na kuandika taarifa zilezile kwenye chipu tupu. Gari haliguswi. Halijui kwamba kuna funguo mbili. Linaona ufunguo uleule. Ni haraka, ni nafuu, na kwa magari ya zamani ndiyo njia inayotumika zaidi. Inawezekana kwa sababu siri za chipu hizo zilivunjwa kitambo. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara ya RSA huko Marekani walionyesha kwamba chipu ya Texas Instruments yenye siri ya biti 40, iliyokuwa kwenye mamilioni ya funguo, inaweza kuvunjwa na kuigwa. Leo mashine inayokaa kwenye kiganja inafanya hivyo mezani.

Kusajili ni kulifundisha gari ufunguo mpya kabisa wenye utambulisho wake. Fundi anachomeka mashine kwenye soketi ya pini 16 iliyo chini ya usukani, anaingia kwenye mfumo wa imobilaiza, anaongeza ufunguo. Baadhi ya magari yanadai namba ya siri kwanza. Kwa chipu mpya, na kwa funguo za kubonyeza (za magari yanayowashwa kwa kitufe), mara nyingi hii ndiyo njia.

Tofauti inaonekana siku ufunguo unapoibwa. Kama ulisajili, fundi anaweza kuufuta ule ulioibwa na kuacha wako. Kama ulinakili, hawezi kuzitenganisha, kwa sababu mbele ya gari zote mbili ni kitu kimoja: akifuta mmoja amefuta zote. Maoni yangu ni haya. Kwa gari la nyumbani la zamani lenye mwendeshaji mmoja, nakili na uendelee na maisha. Kwa gari la biashara linaloendeshwa na madereva wanaobadilika, lipa zaidi usajili, ili dereva akiondoka na ufunguo mfukoni uwe na namna ya kuufuta.

Kuna njia ya tatu ambayo utapendekezewa, nayo ni kuiua imobilaiza, au kuficha chipu moja karibu na koili chini ya kava ili chuma chochote kiwashe gari. Ikatae. Chipu iliyofichwa pale ni mlinzi uliyemfunga kamba akiwa macho. Anamkaribisha kila anayekuja na bisibisi. Ukitaka kuuza gari siku moja, mnunuzi mwenye fundi mzuri ataligundua hilo na kushusha bei.

Hatua ya nne: mjue fundi kwa maswali anayouliza

Kampala utawapata wengi: wenye vibanda vya kuchonga katikati ya mji, na mafundi umeme wa magari karibu na soko la spea la Kisekka na kule Ndeeba. Mikoani, kama Arua, Mbale au Gulu, ni wachache zaidi, na kwa magari magumu fundi hufunga safari na mashine yake au wewe unalipeleka gari.

Fundi wa kuaminika anakuuliza wewe kwanza. Gari gani, mwaka gani, lilitoka Japani au Uingereza, una funguo ngapi, gari ni la nani. Akikuomba logbuku, usikasirike. Ungefurahi amwombe pia mtu atakayefika na ufunguo wako bila wewe. Anayekubali kazi kabla hata hajauona ufunguo, mwache.

Muulize na wewe: ni kunakili au kusajili? Bei inajumuisha kuchonga, chipu na rimoti, au kimojawapo? Isipowaka nalipa nini? Na ufunguo wangu wa sasa utabaki ukifanya kazi? Patana bei yote kabla kazi haijaanza, maana gari likishafunguliwa kava huna nguvu ya kujadiliana.

Kuhusu rimoti, kuna mtego. Magari ya soko la Japani yanatumia masafa ya karibu megahezi 315, na ya Ulaya yanatumia 433. Rimoti nzuri yenye umbo lilelile lakini masafa tofauti haitafungua mlango hata ukiibonyeza mpaka kesho. Rimoti yako ya zamani mara nyingi ina maandishi ya masafa au namba ya sehemu nyuma ya bodi yake ndogo. Mwonyeshe fundi kabla hujalipa.

Hatua ya tano: kaa pale kazi inapofanyika

Usiache ufunguo ukaenda kunywa chai. Si kwa kumshuku kila mtu. Ni kwa sababu nakala ya pili inatengenezeka kwa dakika zilezile za nakala ya kwanza.

Fundi ataweka kichwa cha ufunguo kwenye koili ya mashine yake, na aina ya chipu itatokea kwenye skrini. Mwombe uione. Atachagua chuma kitupu cha umbo linalofaa, akibane pamoja na wako, achonge, kisha apige brashi mabaki ya vyuma. Pitisha kidole kwenye meno: makali yanayokwaruza yatakula swichi yako taratibu. Ndipo ataandika chipu au kuingia kwenye gari.

Kama anasajili kupitia soketi, hakikisha betri ya gari ina nguvu. Umeme ukishuka katikati ya kuandika, kontrol boksi inaweza kuharibika, na hasara hiyo ni kubwa kuliko funguo kumi. Fundi makini huunganisha chaja au betri ya pili kwanza. Asiyejali, mkumbushe, ni gari lako.

Sehemu ambayo nimeona ikiwaumiza watu ni kubadilisha kasha la ufunguo. Arua nilikuwa gereji dereva mmoja alipoletwa na X-Trail ikikokotwa.

"Fundi, starta inapiga vizuri lakini gari haliwaki. Jana lilikuwa zima."

"Jana ulifanya nini?"

"Hakuna. Nilibadilisha tu kasha la ufunguo, la zamani lilikuwa limepasuka."

"La zamani liko wapi, kaka?"

Lilikuwa limebaki kwa muuza makasha. Walimtuma mwenye bodaboda, akarudi nalo, na kwenye kona ya plastiki ile iliyopasuka kulikuwa na kipande cheusi kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Fundi alikishikilia kando ya tundu la swichi kwa vidole viwili, akazungusha ufunguo, injini ikashika papo hapo. Kwa hiyo ukibadilisha kasha, lifungulie juu ya kitambaa cheupe. Chipu nyingine ni kipande hicho cheusi, nyingine ni kichupa chembamba cha kioo kinachovunjika kwa kubanwa na koleo, na nyingine imeunganishwa kwenye bodi ya rimoti yenyewe. Usilitupe kasha la zamani mpaka gari limewaka kwa jipya.

Hatua ya sita: jaribu kila kitu mbele ya fundi

Fungua na ufunge kila mlango wenye tundu, na buti. Washa gari, uliache lingurume dakika mbili tatu, zima, washa tena. Gari linalowaka sekunde mbili na kuzima halijautambua ufunguo, hata fundi akikuambia ni mafuta. Kisha chukua ufunguo wa zamani na uujaribu vilevile. Wakati wa kujaribu, usiweke funguo mbili kwenye pete moja: chipu mbili karibu na koili zinaweza kuvurugana, na utadhani mpya ni mbovu.

Kama funguo zote zimepotea

Anza polisi. Kituoni utaelewana na afande kwa Kiswahili bila shida. Eleza ulipopoteza, na uhakikishe taarifa imeandikwa kwenye kitabu cha matukio cha kituo na umepewa namba ya kumbukumbu. Fundi mwaminifu ataitaka, na ikitokea gari likaonekana mahali pabaya, karatasi hiyo inakutetea.

Baada ya hapo mwite fundi pale lilipo gari, usilikokote bila sababu. Magari yenye giaboksi ya otomatiki yasipokokotwa ipasavyo huharibika giaboksi. Fundi atafungua mlango bila kuvunja, atapata vipimo vya mchongo kutoka kwenye kitasa au namba yako ya kibati, kisha ataianzisha upya imobilaiza. Kwa baadhi ya Toyota kazi hiyo inafanyika kwa soketi na mashine inasubiri dakika 16 kabla gari halijakubali ufunguo mpya. Kumwona fundi amekaa tu wakati huo si uvivu. Kwa nyingine anatoa kontrol boksi na kusoma kumbukumbu yake moja kwa moja kwenye bodi. Hiyo ni kazi ya mikono mizuri. Muulize kama ameshawahi kuifanya kwenye gari la aina yako. Mercedes-Benz na baadhi ya magari ya Ulaya huenda ukahitaji ufunguo ulioagizwa kwa namba ya chesisi kupitia wakala, na hapo kusubiri hakuepukiki.

Funguo za kubonyeza

Gari la kuwasha kwa kitufe lina ufunguo unaozungumza kwa redio, na huu unahitaji betri, mara nyingi CR2032 au CR1632. Ikifa usiite fundi. Vuta chuma kidogo kilichofichwa ndani ya ufunguo, fungua mlango, kanyaga breki, kisha kwa Toyota gusisha upande wenye nembo kwenye kitufe cha kuwashia. Gari litalia, ndipo ubonyeze. Badilisha betri siku hiyohiyo.

Kuwa mwangalifu na ufunguo wa aina hii uliotumika. Ukishasajiliwa kwenye Toyota moja, mara nyingi haukubali gari jingine mpaka ufunguliwe kwa mashine maalumu. Muuzaji akikuambia "huu ni wa Harrier kabisa", mwambie fundi wako ausome kwanza, pesa ibaki mfukoni.

Funguo usizozijua

Umenunua gari lililotumika, unajua funguo zako, lakini hujui zilizobaki kwa wenye gari waliotangulia. Siku unapotengeneza wa pili, mwombe fundi asome idadi ya funguo zilizosajiliwa. Magari mengi yanaionyesha kwenye skrini ya mashine. Ukiwa na mbili na gari linasema nne, afute zote na kusajili zako mbili tu. Hili linazuia gari kuwashwa. Chuma cha zamani bado kitafungua mlango, hivyo usiache kitu cha thamani ndani.

Kwenye sehemu za kuoshea magari na kwa watu wa maegesho, acha ufunguo mmoja usio na namba ya gari wala anwani ya nyumbani. Wa pili usikae kwenye pete hiyo wala ndani ya gari. Piga picha ile namba ya kibati, uihifadhi mbali na simu unayotembea nayo, na kibati chenyewe ukiweke pamoja na logbuku.